Kufuta Kutoka Kulia

Mabanga, darasa la mbao juu ya mawe meusi.
Ubao ulikuwa umepasuka, kwa hiyo Mwalimu Kyakimwa
aliandika kwenye kipande cha lava
kilichoingia darasani mwaka ule kikaganda
bila kulipa karo:

73939133

"Msitishwe na urefu wake. Itafutieni mlango."
Tukatafuta. Mbili, ikakataa. Tatu, ikakataa.
Saba, kumi na moja, kumi na tatu:
kila mara kitu kinabaki mkononi
kama noti iliyochanika, sokoni hakuna wa kuipokea.

"Kitabu cha Kifaransa kinaziita namba za kwanza.
Kiswahili kinaziita tasa."
Tukainamisha vichwa. Tulijua kule bombani
ni nani aliyeitwa hivyo
akiwa bado anasubiri kidumu chake kijae.

Hakusita. Alilowesha kidole,
akafuta tatu ya mwisho.

7393913

Bado tasa.
Akafuta tena.

739391
73939

Chaki ilimdondokea kiatuni,
nami nikahesabu kimoyomoyo vilivyomtoka:
nyumba ya Majengo, iliyomezwa kwa usiku mmoja;
mume, aliyefuata tumbo jingine hadi Butembo;
mishahara ya miezi mitano; cherehani.

7393
739
73

7

"Imebaki nini?"
Saba!
"Inagawanyika?"
Tulipiga kelele hadi darasa la pili wakagonga ukuta.

Kisha akaiandika upya, nzima, akauliza: mkiirefusha je?
Ongeza moja mwishoni, au saba: tatu inaingia.
Ongeza tatu, au tisa: itapasuka pia, alisema,
ila ufa wake uko mbali. Kweli, tulichoka kabla ya kuufikia.
"Katika ukoo wa zinazofutika hivi, hakuna kubwa kuliko hii.
Haikuzaa."
Akapangusa mikono kwenye kitenge. Alikuwa karibu kucheka.

Mapumziko, Muhindo, mtundu wetu,
alifuta kutoka kushoto. Saba tu, moja tu.

3939133

Kumi na moja ikaingia bila kubisha hodi,
ikajipanga humo mara laki tatu, elfu hamsini na nane,
mia moja na tatu, hakuna kilichobaki nje.
Mwalimu alirudi, akasimama mbele ya jiwe
muda mrefu kuliko somo lenyewe.
"Huko," akamwambia, "usiguse."

Siku hizi nauza saruji Birere.
Lile jiwe walilivunja, likawa ngazi ya duka la mtu.

Jana bombani mama mmoja alilitamka lile neno,
kwa sauti, ili msichana aliye nyuma yake asikie.
Nikamuuliza: tasa kama ipi?
Akanitazama kama mlevi.
Kidumu chake kilikuwa kimejaa zamani,
maji yanamwagikia miguu yake.