Kusoma Tu

Saa tatu usiku, Newala. Nimetoka kubangua korosho,
nimenawa kwa majivu, nimenawa kwa sabuni,
mafuta ya ganda hayajatoka vidoleni;
kila herufi ninayobonyeza inabaki na weusi wangu.
Nafungua gemu la malori, naingia kwenye mipangilio.
Vivuli: chini. Navuta hadi juu.
Mvua: imezimwa. Naiwasha.
Nabonyeza hifadhi, nalo linajibu: imehifadhiwa,
kwa adabu ileile ya karani wa mnada
anayesema malipo yenu Ijumaa.

Natoka. Narudi.
Vivuli: chini.
Mvua: imezimwa.

Lori langu linapita katika saa sita ya mchana isiyoisha,
halina kivuli, kama jini.
Miti ya kando ya barabara inaelea kidogo juu ya ardhi,
haijui kama imepandwa au imebandikwa.

Nimezima, nimewasha.
Nimepunguza skrini hadi lori likawa kiberiti.
Nimelifuta gemu lote, nikalipakua upya
kwa bando la usiku, usiku nne,
na usiku wa tatu umeme ukakatika likiwa limebaki robo.
Fundi Chipukila wa sokoni alikuja, akapuliza vumbi kwa mdomo,
akatikisa kichwa: tatizo dereva huyo.
Sasisha dereva wa kadi ya picha.
Nikacheka hadi akaniuliza kama nimekula.
Dereva yuko Tunduma, siku ya sita kwenye foleni ya mpakani,
hapokei simu mpaka apate pa kuchajia.

Maana kompyuta hii ni ya Mfaume, kaka yangu.
Aliinunua msimu ule bei ilipopanda,
akajifunzia humu kurudisha trela nyuma
kabla hajashika usukani wa chuma.
Siku ya kuondoka alinikabidhi na waya zake na neno moja: itunze.
Mimi nikadhani ananiaga.

Mvua siitaki kwa urembo.
Nataka nione taa zinavyolowa kwenye lami,
kivuli cha nguzo kinavyokatiza kioo,
nijue mtu anaona nini saa nane ya usiku
anaponiambia "niko njiani" na kukata.

Basi leo gemu sikuligusa. Nimepita mlango wa uani,
folda ndani ya folda ndani ya folda,
kama anayetafuta chumvi jikoni kwa mkwe.
Faili moja dogo, maandishi matupu.
Natazama sifa zake: kusoma tu.
Kumbe siku zote hizi nilikuwa naandika ukutani kwa maji.

Na juu ya tarakimu zote, mstari wa kwanza,
ule ambao mashine huuruka:

*Swaumu usiongeze vivuli. Feni moja imekufa. Itaungua. M.*

Nimekaa.
Kwa Somoe wanakaanga vitunguu, harufu inaingia dirishani.
Angeweza kuniambia kwa mdomo.
Angeweza kununua feni.
Lakini nyumba yetu ndivyo ilivyo:
baba alificha ada yangu ndani ya gunia la mbegu za kunde,
hakusema, mpaka tukaikuta tukipanda,
noti zimeliwa pembe na wadudu.

Naondoa alama. Kusoma, na kuandika.
Vivuli naviacha chini, sawa, umeshinda.
Mvua naiwasha.
Hifadhi. Toka. Rudi.

Inanyesha.
Mvua mbaya, ya mistari, kama nyuzi zilizochomoka kwenye kiroba,
lakini inanyesha, na waipa zinafanya kazi.
Feni iliyobaki inakoroma.
Mkono mmoja uko kwenye usukani wa vitufe,
mwingine nimeuweka ubavuni mwa boksi, kama kwa mtoto mwenye homa,
na naenda gia ya tatu, sizidishi.

Kesho nitauliza Masasi, feni bei gani.