Chumvi Haina Haraka

Kulungu alilala ukingoni mwa barabara ya kwenda Pelkie,
bado ana joto kwapani, theluji ikimwota mgongoni
kama ukungu kwenye mkate.
Nilizima basi la shule (watoto nilikwishawashusha),
nikapiga simu kuomba kibali, nikatajiwa namba,
nikakata mkia tu.
Nyama nilimwachia Reino, mwenye lori lililomgonga.

Baba alikuwa jikoni, mikono juu ya meza,
mikono inayotetemeka sasa hata isipokuwa na kazi.
"Pasua upande wa chini, kwenye weupe.
Anzia shinani. Ngozi uivue mfupani
kama soksi iliyolowa."

Haikuvulika kama soksi.
Iling'ang'ania kila pingili, nami nikaivuta,
kisu kikanila kidole, damu yangu ikaingia kwenye ile nyingine
na Baba akasema, "Kwangua mafuta."
Nikakwangua.
"Kwangua tena. Mafuta ndiyo huoza kwanza,
na kinachooza hakikosi wageni."

Kisha chumvi, ngumi mbili, nikaisugua mpaka kwenye ncha,
kisha ubao, na pini za cherehani za Mama,
kisha banda la nyuma, kati ya skii na msumeno.
Nikauliza, mpaka lini?
"Chumvi haina haraka," akasema. "Mwenye haraka ni wewe."

Wanaosema akiba haiozi
hawajawahi kuwa na kisanduku cha mikia.
Alikirithi kwa mjomba wake Onni:
kindi wanne, uso wa sungura wa theluji,
shingo ya jogoo yenye rangi ya chai iliyokolea.
Nilikuwa na miaka tisa alipokifungua, mwezi wa nne,
akakuta vumbi, na vijiti vinne,
na nondo mmoja akatoka polepole, ameshiba,
akapita mbele ya pua yake kama mwenye nyumba.
Siku tatu Baba hakusema neno.
Siku ya nne Mama akasema, "Haya, vilete kwenye friza yangu.
Lakini kila mfuko niuandike mimi.
Sitaki kupika supu ya mkia wa kindi mara ya pili."

Hivyo ndivyo tulivyojifunza:
gandisha, yeyusha, gandisha tena,
mayai ya nondo yadanganyike, yadhani kiangazi kimefika,
yafungue mlango, yakutane na baridi.

Wiki ya tatu mkia ulikuwa mkavu, mgumu kama ufunguo.
Nikauosha kwa sabuni ya vyombo, nikauanika, nikaenda kuuweka.
Chini kabisa, chini ya mifuko ya buluberi,
nikaushika mmoja ulioganda hadi kuwa jiwe:
MKIA. SI NYAMA. URHO, USINIULIZE TENA.
Novemba. Ile Novemba ya mwisho.

Nikauleta mezani.
Baba akausoma, midomo ikicheza,
akaugeuza, akausoma tena,
kana kwamba nyuma kuna maneno mengine.
"Huo bado," akasema.
Nikaurudisha.

Basi nilifunga kwa mkia wa Reino.
Ndoana kwenye jiriwa, uzi mwekundu,
yeye pembeni yangu, mikono ameikalia.
"Nywele chache. Chache zaidi. Samaki hahesabu."
Uzi ukakatika. "Si kosa la uzi."
Ukakatika tena. Hapo alinyamaza, jambo lililokuwa baya zaidi.
Wa saba ndiye aliyefanana na kitu,
kisamaki kilichopinda kidogo, chenye mgongo wa kahawia.

Mwezi wa tano mto ulishuka, ukawa rangi ya bia.
Nilisimama majini hadi mapajani, Baba kwenye kiti chake ukingoni.
Nikarusha mara moja tu.
Upepo, au kiwiko changu, ukanichukulia kamba nyuma,
na kisamaki changu kikanasa juu kwenye mbetula,
pale mkono hauwezi kufika.

Nikageuka kuomba radhi.
Baba alikuwa anacheka, mabega yote yanacheka,
na mikono yake, kwa mara moja, ina sababu ya kutetemeka.
"Uache," akasema. "Umerudi msituni."

Ulikuwa unapunga kule juu,
weupe chini, kahawia juu,
kama kulungu anayeondoka.