Kisigino cha Pili

Imeletwa na Leokadia, muuguzi wa Bugando,
imelazwa kati ya kadibodi mbili, ikaviringwa kanga.
"Daktari Mwitaliano aliniachia akirudi kwao.
Nitilie kioo. Isiguswe na unyevu."

Karatasi ina rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Wino ulikuwa mweusi, nadhani; leo ni kutu,
na pale ulipokolea umeila karatasi:
kwapani pana tundu,
nikiiinua kwenye mwanga
Kirumba inapenya.

Mtu, kwa mgongo. Mtungi kichwani.
Mkono mmoja juu, vazi limeng'ang'ania paja
kwa upepo wa nchi nyingine.
Ameigwa, Leokadia anasema, kutoka ukuta wa kanisa,
rangi iliyopakwa lipu ikiwa mbichi.
Mwigaji alikuwa mwanafunzi tu, hana jina.
Ukuta wenyewe ulikwisha pukutika.
Basi hiki ni kivuli,
na mti ulishakatwa.

Lakini mguu wa kushoto una visigino viwili.
Kimoja kimechorwa kwa adabu, mstari mmoja safi,
kimenyanyuka kama cha mcheza dansi.
Cha pili kimekwaruzwa juu yake, mbiombio,
kimekanyaga, kimetanuka.

"Hicho kifiche. Kadi ya pembeni ije hadi hapa.
Alikosea."

Mchana Ng'walu akapita kutoka mwaloni,
beseni la dagaa kichwani, maji yakimchuruzika shingoni.
Hakutua. Aligeuza macho tu,
shingo ikabaki palepale.
"Huyu wa juu hajabeba kitu," akasema.
"Mtungi ukijaa, kisigino hakiruki.
Wa chini ndiye."
Akaenda zake. Sakafuni ziliachwa nyayo za maji,
nzima, hadi kisigino.

Nikamuwaza kijana yule, macho ukutani asubuhi kutwa,
kisha njaa ikamtoa nje,
na huko, pengine kisimani,
mama wa mtu akampita na maji yake,
asimtazame.
Akarudi ndani na kalamu
kumsahihisha fundi mkuu.

Kadi nimeikata sentimita mbili chini.
Leokadia atagomba. Nitasema kisu kiliteleza,
nitampunguzia elfu tano.

Wadudu wa ziwani wameanza kuijaa taa.
Nafunga kioo upesi
wasije wakaingia
kumwongezea mzigo.