Funda Moja la Maji

Siku tisa mguu juu ya mito,
ngozi inang'aa kama hariri ya bei mbaya.
Daktari anaibonyeza, anaondoka.
"Bado," anasema. "Nangoja ijikunje."
Mie niliyemaliza umri na pasi ya mkaa
nikifukuza mikunjo kwenye kanzu za watu,
nimelala wodi ya wanawake, Mkoani,
namuomba Mungu anipe mikunjo.

Siku ya kumi ikaja:
mistari myembamba juu ya kifundo
kama kitambaa kilichokaliwa garini kutoka Wete.
"Kesho," akasema.

Hakuna ajali ya kusimulia.
Mvua, kizingiti, furushi la sare za skuli kichwani,
mguu ukaenda Gando, mie nikaenda Konde.
Shemeji Kombo akataka twende Kiuyu,
yuko mzee anaunga kwa vijiti na mafuta ya nyonyo.
Picha ikaonesha vipande vitatu.
Nikasema: pindo likifumuka, hata jirani atashona;
bega likichanika, mpelekeni fundi.

Saa nne usiku Nesi Mauwa akaniletea karatasi.
"Soma kwanza, ndiyo utie saini."
Nikasoma. Neno "kifo" limo, katikati ya mstari,
dogo, halina wino mzito,
limekaa kama sindano iliyosahauliwa ndani ya koti.
Nikatia saini. Hati mbaya,
mkono huu umezoea chaki.

"Kuanzia saa sita, hata maji."
Saumu naijua. Lakini mwisho wa saumu pana adhana;
mwisho wa hii pana mtu mwenye kisu.
Saa nane niko macho, jagi la jirani linanitazama.
Fundi, fundo, kifundo, funda:
nayageuza kinywani kama mtoto na pipi.
Moja ndilo jina langu mtaani,
moja limenikaa rohoni,
moja limevunjika,
na la mwisho, funda moja tu la maji, nimenyimwa.

Alfajiri wakanivua kipini, wakanivua pete
(pete ilikataa, ikatoka kwa sabuni).
Meno mawili ya bandia nikampa dada yangu Mize,
akayafunga kwenye ncha ya kanga, akayalilia meno,
maana kunililia mie alishakatazwa.
Kidole wakakitia kibanio chenye taa nyekundu.
Hakisomi. Hina, ya harusi ya mtoto wa Bi Rukia.
Cha pili, hina. Cha kumi, hina.
"Mama, umejipaka mpaka roho?"
Mauwa akanibana ndewe ya sikio,
na hapo nikahesabika hai: tisini na nane kwa mia.

Gauni la kijani walilonivisha
lina kamba mbili zisizofanana, pindo limeachia.
Aliyelishona hakupiga bandi.

Kisha daktari, kwa kalamu ya buluu,
akachora mshale juu ya mguu wa kulia.
Kumbe naye huchora kabla ya kukata.
Nikampenda kidogo.
"Utashona mshono gani?"
"Kwanza bamba la chuma, mama, na skrubu saba."
"Na juu yake?"
"Nitajitahidi."
Jibu lile lile ninalowapa wateja usiku wa kuamkia Idi.

Gurudumu la kitanda likalia njia nzima.
Nikawaambia, lapendeza kutiwa mafuta ya charahani.
Hakuna aliyecheka.

Ndani, baridi. Khatibu, bwana wa ganzi, akasema,
"Jikunje, mama, kama kamba ndani ya chungu."
Nikajikunja. Sindano moja, mgongoni, haina uzi.
Joto likateremka kiunoni, mapajani, likapita magoti.
Nikauambia mguu: kanyaga.
Tangu nina miaka kumi na minne
sijapata kuuambia mara mbili.
Haukukanyaga.
Ulilala pale fofofo, kama mguu wa mtu mwengine,
na ndipo nilipouona
ulivyochoka.