Chupa Thelathini na Sita

Kache, lete lile beseni la bluu, si hilo la kufulia,
mama yako akilikosa tena nitalala nje na hizi chupa.
Maji yawe moto, yasiwe ya kutokota:
ukiitia chupa baridi kwenye maji yanayochemka
italia ta! mara moja, na hutaiunga hata kwa dua.
Magadi vijiko vitatu. Vitatu, nimesema,
hatupiki maharagwe.

Sasa tunangoja.
Kazi hii robo tatu ni kungoja,
robo iliyobaki ni kucha.

Zimetoka Casuarina, kwenye hoteli iliyofungwa.
Mlinzi Yeri kaniuzia shilingi tano tano
kupitia tundu la ua, kama wezi,
na mle ndani nilipeleka vinywaji miaka kumi na minne.
Tulifundishwa: lebo imtazame mgeni.
Kumwonyesha mgongo wa chupa
ni sawa na kumwonyesha mgongo wako.
Nikageuza, nikainama, bonasera,
vidole viwili kitakoni mwa chupa, kitambaa mkononi,
miaka yote hiyo, na sikusoma hata neno.
Leo nimechuchumaa uani Maweni
na zote zimenigeukia mimi.

Tazama, hii ya ndovu imeshaachia.
Imejivua gamba yenyewe, inaelea nzima.
Gundi yake ni ya kizamani, ina adabu,
ikiombwa kwa maji inatoka.
Ile ya Wataliano ni ya plastiki:
hiyo ni mafuta ya nazi, ilale nayo usiku kucha,
asubuhi kumbi, usugue mpaka bega likutukane,
na bado itakuachia utando
wa kunasa manyoya ya paka wote wa mtaa.
Na hii iliyochapwa jina kwenye kioo chenyewe
iweke kando.
Babu yako mzaa mama alikuwa hivyo.

Za kijani usinichanganyie.
Jua hupenya, asali ya Marafa ninayoinunua kwa deni
inakuja kunuka soksi.
Kahawia tu. Kahawia inajua kusitiri.

Ngoja. Nipe hiyo.
Hii imebanduliwa kabla yetu,
nusu, kwa kucha, vipande vipande.
Nawajua hawa.
Meza ya pembeni, anaagiza moja, anaikalia saa mbili,
anakwangua huku akitazama simu isiyolia.
Asubuhi nilikuwa nikifagia vijikaratasi vyao
vimekakamaa kama magamba ya changu.
Sikuuliza kitu. Nilibadilisha kisahani cha majivu.

Siku meneja alipotusomea barua
kila mmoja wetu alipewa moja ya kuagana.
Nikakaa kwenye kiti cha mgeni, kwa mara ya kwanza,
kumbe kina mto laini hivyo.
Nilipoinuka, Kache,
mbele yangu mezani palikuwa na kijilima cha karatasi
na sikukumbuka nimeanza saa ngapi.

Haya, suuza mara tatu, zipindue kwenye vijiti,
midomo isiguse mchanga.
Jumamosi wanakuja wakwe wa dada yako,
na mjomba Mwaringa, namjua, kabla ya kunywa
ataigeuza chupa huku na huku
akitafuta imetoka kampuni gani.
Mwache atafute.
Vizibo vimefungwa kwa mkono huu.

Na wewe usizibandike ukutani, lebo si mapambo.
Basi moja. Hiyo ya ndovu.
Hapo, karibu na mlango, inyooshe ingali mbichi.
Nyingine zianue upesi,
mbuzi wa Mama Nyevu ameshakula mbili za Kitaliano
na anaomba ya tatu.