Vinginevyo

Ofisi yetu ipo Isevya, ubavuni mwa mashine ya kukoboa,
na kila ikinguruma, chenji hutetema mezani.
Tunauza mizinga ya nyuki, ndoo, mavazi ya kurinia,
kwa mkopo, mpaka mavuno.
Wateja mia tatu na kumi na wawili
walikuwa wakiishi kwenye daftari moja la kaunta
lenye nta jaladani na jina langu: Kabula.

Sasa wamehamia kwenye kompyuta.
Bi. Kalunde kanipa wiki moja:
"Humo ndani mna vyombo viwili vya kujiendesha.
Chagua kimoja. Usiniletee vyote."

Cha kwanza ni cha maneno machache.
Ikiwa oda imeingia, basi shukuru.
Ikiwa siku thelathini zimepita, basi dai.
Nilikipenda asubuhi nzima. Hakina maswali,
kama mlinzi wa geti la stesheni:
tiketi, pita.

Cha pili ni mchoro: visanduku, mishale,
na katikati almasi inayouliza ndiyo au hapana.
Siku mbili nikachora, nikafuta, nikachora.
Nikakosea mshale mmoja tu,
Zuwena wa Urambo akapokea shukrani kumi na nne
kwa jozi moja ya glavu.
Akapiga: "Kabula, leo mmeshinda na wanzuki humo ofisini?"

Kisha nikamjaribia Mihayo wa Ipole,
deni la mizinga sita.
Siku ya thelathini na moja chombo cha kwanza kikaandika
MDAIWA SUGU,
kwa herufi kubwa, bila kumjua mtu
ambaye simu yake hushika mtandao
akipanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi,
Ijumaa, akirudi kutoka porini.
Mihayo hakusema hapana.
Mihayo alikuwa hajasikia.

Nikarudi kwenye mchoro.
Ndiyo, mshale huu. Hapana, mshale ule.
Na pembeni, kwa rangi hafifu, mshale wa tatu
ambao wiki nzima nilidhani ni pambo:
vinginevyo.

Nikauvuta hadi kwenye kisanduku kitupu,
nikaandika ndani yake:
Kabula ampigie. Ijumaa, saa kumi jioni.

Bi. Kalunde akainama, miwani puani.
"Hiki ndicho cha kujiendesha?"
Robo tatu inajiendesha, nikamwambia.
"Na hiyo robo?"
Hiyo nayo nimeichagua.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.
Akaenda kufunga stoo.

Mashine ya jirani imezimwa. Daftari nimeliweka
chini ya mguu wa meza uliopungua.
Ni Ijumaa, saa kumi na dakika sita.
Inaita.