Daftari la Matapishi

Kazi yangu, tangu kiwanda kifungwe, ni kuokota matapishi.
Usicheke. Shakwe hula, kisha hucheua asichoweza kusaga:
mifupa, magamba, manyoya, mara nyingine kifuniko cha chupa;
tonge kavu, jepesi, pembeni mwa kiota.
Nalitia kwenye mfuko wa karatasi, naandika tarehe na namba,
na Odile, msichana wa Quebec anayesomea shahada,
hulifumua usiku kwa koleo ndogo
kama mtu anayefumua pindo la gauni la marehemu.

Kisiwani kuna shakwe elfu mbili.
Kwa mbali ni mmoja: mgongo wa kijivu, mdomo wa manjano,
kelele zile zile za watu waliopunjwa kwenye mizani.
Ndege wa rangi moja huruka pamoja.
Sawa. Waulize basi wakitua.

Thelathini na moja ni kome tu.
Maji yakipwa hushuka, huokota kome, hupanda naye juu,
humwachia aanguke kwenye mwamba mmoja, ule ule,
mweupe kwa vigae vya miaka.
Tonge lake ni la buluu. Linakwaruza vidole.

Hatua tatu kutoka kwake, thelathini na mbili
hajui bamvua wala maji mafu.
Anajua Jumanne, siku ya lori la taka.
Mifupa ya kuku, ngozi ya soseji, karatasi ya siagi,
na mara moja mkono wa mwanasesere, umekunja ngumi.

Na yule wa juu, penye nyasi, thelathini na tisa,
huyo sipendi kumwandika.
Hungoja giza. Wapo ndege wadogo weusi, wananukia mafuta,
hurudi usiku mashimoni mwao, kila jozi na mtoto mmoja.
Asubuhi naokota miguu miwili myembamba
na manyoya laini yaliyokataa kusagika.
Odile asema si ubaya, ni ujuzi.
Nami nimeishi na watu wenye ujuzi.

Nani aliwafunza? Upepo mmoja, jiwe moja,
bahari moja imewazunguka wote.
Miaka sita, asema, akinionyesha mistari yake,
thelathini na moja hajageuka.

Basi namfikiria kaka yangu Ambrose.
Mwaka ule serikali ilipopiga marufuku uvuvi wa chewa,
wenzake waligeuka. Leander aliwafuata kaa.
Cyril wangu alikwenda magharibi kuchimba mafuta,
akala huko, akalala huko.
Ambrose alikaa.
Alivuta mashua nchi kavu, akaipindua,
akawa anaipaka rangi kila Mei, kijani,
kwa ajili ya samaki asiyeruhusiwa kumgusa.
Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe:
nikamlisha mimi, kwa mshahara wa matapishi.

Kisha Julai, usiku wa ukungu, dagaa wa baridi
wakaja kutaga ufukweni, wengi
hata wimbi likawa zito, likashindwa kuvunjika.
Kijiji kizima na ndoo, padri amekunja suruali,
Ambrose naye, kimya, majini hadi magotini.
Juu kisiwani, kwa siku kumi na mbili, matonge yalifanana.
Thelathini na moja, na mbili, na tisa: dagaa, dagaa, dagaa.
Vifaranga walikuwa wameanguliwa,
na koo la kifaranga halipitishi gamba.
Odile alipiga makofi, kisha akanuna;
jedwali lake lilikuwa limeharibika.

Siku ya kumi na tatu nikapanda na mifuko yangu.
Gamba la buluu.
Mfupa wa kuku.
Miguu miwili myembamba.

Jumapili nilipika kaa, zawadi ya Leander.
Ambrose aliitazama sahani kwa adabu zote,
akala viazi.
Nikapapasa aproni, nikitafuta penseli.